Je, wajua kwa nini ndege za Skiathos hupita utosini mwa watu?

Huenda umeshakutana na video zake: watu wamesimama kando ya barabara, simu juu, mara dege la abiria linatokea baharini na kuwapitia utosini, magurudumu nje, kana kwamba ukinyoosha mkono utayagusa. Hapo ni Skiathos, kisiwa kidogo cha Ugiriki, kwenye uwanja wenye jina la mwandishi mzaliwa wa hapohapo, Alexandros Papadiamantis.

Wengi hudhani marubani wanajionyesha. Tuwatendee haki: popote duniani, ndege kubwa ikitua huvuka mwanzo wa njia yake ya kutua na kurukia ikiwa juu kwa mita 15 hivi tu. Kwingine chini yake pana nyasi tupu, hakuna wa kushtuka. Skiathos, hatua chache kutoka njia inapoanzia, inapita barabara ya watu na magari.

Wasingeweza kuisogeza njia mbali na barabara? Kisiwa ni vilima vitupu, na uwanja umebanwa kwenye shingo nyembamba ya ardhi, bahari huku, bahari kule. Njia ina mita 1,628. Uwanja wa Athens una njia mbili, moja mita 4,000, nyingine 3,800. Kwa hiyo rubani wa Skiathos lazima aguse lami mapema, maana akipitiliza, mbele ni maji.

Mimi kinachonitisha zaidi ni kuondoka. Ndege hugeuka mwisho wa njia, mkia ukatazama barabara. Rubani anakanyaga breki, anapandisha injini mpaka zinanguruma, ndipo anaachia. Upepo unaotoka nyuma hurusha mchanga na kokoto na kumwangusha mtu mzima. Mwaka 2017, kwenye uwanja wa namna hii kisiwani Sint Maarten, Karibiani, mtalii aliyekuwa kwenye uzio alirushwa na upepo huo akafariki. Ukifika Skiathos, tafadhali usishike uzio ule. Vibao vya onyo vipo.

Halafu kuna joto. Hewa ya moto ni nyepesi, mabawa hayapati cha kuegemea vizuri na injini hupungua nguvu, na hapo njia fupi huzidi kuwa fupi. Dawa ni kupunguza uzito, na mara nyingi kinachopunguzwa ni mafuta. Ndiyo maana abiria wa kwenda mbali, kama Uingereza, wakati mwingine hujikuta wametua tena bara, Thessaloniki kwa mfano, hata hawajakaa sawa vitini, ndege ikajazwe mafuta ya safari yenyewe.