Birika, pasi na volti za jioni: tunavyokosea hesabu ya stima

Nafunga waya za nyumba hapa Kisumu, na swali ninaloulizwa zaidi ni la tokeni: mbona zinaisha upesi? Majibu ambayo watu wamekwisha kujipa ndiyo hunitia wasiwasi.

Dhana: kifaa chenye ukinzani mkubwa ndicho kinachokula stima.

Ni kinyume. Ukinzani ni jinsi kifaa kinavyozuia umeme kupita, nao hupimwa kwa omu: volti gawanya kwa ampea. Nguvu ni volti mara ampea. Soketi zetu ni za volti 240. Birika la wati 2000 huvuta ampea 8.3, kwa hiyo ukinzani wake ni omu 29 hivi. Pasi ya wati 1000 huvuta ampea 4.2, nayo ina omu 58 hivi. Pasi ina ukinzani maradufu ya birika, na inakula nusu yake.

Dhana: volti zikipungua kidogo, nguvu nayo hupungua kidogo tu.

Hili nalieleza mtaani Manyatta karibu kila wiki. Saa moja jioni kila nyumba inapika, volti zinashuka, tuseme hadi 200. Mama analaumu birika kwamba limezeeka, ananunua jingine, na kesho yake mambo ni yaleyale. Watu hupunguza volti kwenye hesabu yao wakaacha ampea palepale, lakini ukinzani wa birika haujabadilika: volti 200 gawanya kwa omu 28.8 (ile 29 hivi ya hapo juu) ni ampea 6.9, na mara volti 200 unapata wati 1390 hivi. Volti zimepungua sehemu moja kati ya sita; nguvu imepungua karibu theluthi. Maji yaliyochemka kwa dakika 6 sasa yanataka karibu 9. Tokeni nazo hazikuibwa: yuniti moja ni wati 1000 kwa saa nzima, kwa hiyo wati 2000 kwa dakika 6 ni yuniti 0.2, na wati 1390 kwa karibu dakika 9 ni hiyohiyo 0.2, pamoja na joto kidogo linalopotea hewani kwa sababu ya kuchelewa.

Friji usiipigie hesabu hii. Mota yake, volti zikishuka, inaweza kuvuta ampea nyingi zaidi ili iendelee kuzunguka, ikapata joto na kuungua.

Dhana: ukipima balbu kwa mita umejua ukinzani wake.

Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka ina omu 960. Ikiwa baridi, mita itaonyesha chini ya 100. Haijaharibika, waya wake ukipata moto ndipo ukinzani unapopanda.

Dhana: plagi ikiingia kwenye ekstensheni, basi inaweza kubeba.

Hapa naomba msikilize. Joto la waya ni ampea mara ampea, mara ukinzani wa waya wenyewe. Chukua ekstensheni nyembamba yenye nusu omu, kwenda na kurudi. Birika peke yake linaipa wati 35 za joto. Ongeza pasi: ampea zinafika 12.5, na joto linafika wati 78. Ikiwa imeviringwa chini ya zulia, joto hilo halina pa kutokea. Fyuzi ya ampea 13 kwenye plagi haitakatika, maana kwake 12.5 bado ni salama. Gusa waya wa ekstensheni kwa nje, juu ya plastiki yake. Ukiwa moto, chomoa pasi kwanza, maji yachemke, halafu upige nguo.