Thamani iliyopatikana: namba ya tatu kwenye taarifa ya mradi

Mhasibu wa mradi wa ujenzi anasimama kikaoni: "Hadi leo tulipanga kutumia milioni 60, tumetumia 54." Wajumbe wanapiga makofi, milioni 6 zimeokolewa. Hakuna anayeuliza kuta zimefika wapi.

Swali hilo hujibiwa na thamani iliyopatikana, kipimo ambacho Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilianza kuwadai wakandarasi wake wakubwa mwaka 1967. Jina linatisha kidogo, ila hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi: ni thamani ya kazi iliyokwisha kufanyika, kwa bei zilezile za bajeti, hata kama malipo halisi yalikuwa mengine.

Tuseme yanajengwa madarasa manne kwa shilingi milioni 120, kwa miezi sita. Kabla msingi haujachimbwa, bajeti inagawanywa kwa hatua: msingi milioni 24, kuta hadi lenta (boriti ya juu ya milango na madirisha) 21, paa 35, umaliziaji 40. Mwezi wa tatu umekwisha. Kwa mpango kazi, tungekuwa na kazi ya milioni 60. Vocha za malipo zinasema 54 zimetoka. Ukifika saiti unakuta msingi umekamilika, kuta ziko kwenye lenta, kupaua bado. Jumlisha 24 na 21: thamani iliyopatikana ni milioni 45.

Sasa gawanya 45 kwa 54 upate 0.83. Kila shilingi iliyotoka imeleta kazi ya senti 83. Gawanya 45 kwa 60 upate 0.75, yaani robo ya kazi iliyotakiwa kuwepo leo haipo. Mwendo wa matumizi ukibaki huuhuu, gawanya bajeti ya 120 kwa 0.83: madarasa yatamalizika kwa takriban milioni 144. Makofi yale yalipigiwa pengo la milioni 24.

Kugawanya si kazi. Kazi ni fundi anayekuambia "tumefika asilimia 90" wiki ya tano mfululizo. Mimi napendelea dawa kali: hatua ambayo haijakamilika ihesabiwe sifuri, na hatua zikatwe ziwe fupi ili sifuri hiyo isimwonee mtu. Angalia na stoo pia. Kama ndani ya zile milioni 54 kuna mabati yaliyonunuliwa mapema, yatajwe kando, la sivyo utamlaumu fundi kwa pesa iliyolala stoo ikisubiri kupauliwa.

Taarifa yenyewe ukurasa mmoja unatosha: namba tatu, sababu ya pengo, makadirio mapya ya gharama na tarehe ya kukabidhi, kisha uamuzi unaoombwa. Mfadhili hahitaji picha ishirini za mifuko ya saruji. Anahitaji kujua kama aongeze fedha, apunguze kazi au asogeze tarehe, na ajue mapema.

Mapema ndipo wengi wanaposhindwa, hata wenye vipimo vizuri. Mwaka 1988 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliingia mkataba na kampuni za McDonnell Douglas na General Dynamics kuunda ndege ya kivita iitwayo A-12. Takwimu za thamani iliyopatikana zilikuwepo, na wachambuzi waliozisoma waliona gharama ikielekea kuvuka kikomo cha mkataba. Lakini makadirio yaliyopelekwa kwa wakubwa yakawa yale ya matumaini. Aprili 1990 Waziri wa Ulinzi, Dick Cheney, alilieleza Bunge kwamba mradi uko sawa; haikupita miezi miwili, kampuni zikakiri kwamba gharama itavuka kikomo na ratiba haitatimia. Januari 1991 Cheney aliufuta mradi. Hakuna A-12 hata moja iliyowahi kuruka.