Msanii Huru Ni Nani Hasa?

Hapa Tabora ukisema fulani ni msanii huru, wengi wanaelewa kwamba hajapata lebo, yaani kampuni ya kurekodi, bado, kana kwamba yuko mlangoni anasubiri kuitwa. Maana yenyewe ni nyingine. Msanii huru anagharamia kazi yake, anaamua itoke lini na isikike vipi, na rekodi ikikamilika inabaki mali yake. Kuwa huru si kufanya kila kitu peke yake. Anaweza kuajiri prodyuza, mpiga besi hata meneja. Ila hao wamekuja kwenye kazi yake yeye.

Wimbo mmoja una mali mbili, na hapo ndipo vijana wetu wanapoumia. Kuna utunzi, yaani mashairi na melodi. Halafu kuna masta, ile sauti iliyonaswa studio. Unaweza kuwa mtunzi halali na bado masta ikawa ya mtu mwingine kwa sababu yeye ndiye aliyelipa na wewe ukasaini bila kusoma. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, utunzi unalindwa kwa kule kutungwa tu, maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kujisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi siku ya ubishi. Nenda kajisajili.

Enzi za bendi zetu za Tabora, Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, mpigaji alikuwa na kipaji chake, lakini jina lililovuma lilikuwa la bendi. Leo mtu mmoja na gitaa lake anaweza kupeleka wimbo mtandaoni kupitia msambazaji, yaani kampuni inayoufikisha kwenye majukwaa ya muziki, ukasikika Kigoma na Toronto siku ileile. Malipo ya kusikilizwa ni kidogo mno, kwa hiyo bado anaishi kwa shoo.

Isevya, hapa hapa Tabora, kuna kijana anayechanganya kantri na roki ya zamani. Watu humuuliza mchanganyiko huo kautoa wapi. Kantri si ngeni kwetu. Jim Reeves na Dolly Parton tumewasikia redioni tangu utotoni. Na ndoa ya kantri na roki ni ya siku nyingi: mwaka 1954 kule Memphis, santuri ya kwanza ya Elvis Presley kwa lebo ya Sun ilikuwa na bluzi upande mmoja, na upande wa pili wimbo wa kantri wa Bill Monroe uliochapushwa mwendo. Kantri inaleta kisa, roki inaleta gitaa la umeme lenye mwangwi na mkwaruzo kidogo. Kijana huyu anaongeza la kwetu. Gitaa la solo analipiga kidansi, linamjibu kila anapomaliza mstari. Mimi nikilisikia jioni chini ya miembe, nasimama.

Lebo ingemwambia aache hayo aimbe kinachouza sasa. Yeye hana wa kumwambia.

Kabla ya kuingia studio mara ya mwisho, alichana karatasi ya daftari akaandika: mashairi na melodi ni vyake, masta ni yake kwa kuwa kalipa saa zote, prodyuza ana fungu lake kwa mdundo aliouongeza, asilimia ngapi. Wakasaini wote wawili. Karatasi ile anaitunza ndani ya mkoba wa gitaa, pamoja na nyuzi za akiba.