Coil si springi, jamani

Juzi nimeletewa rasimu ya kipeperushi cha uzazi wa mpango niipitie. Ukurasa wa pili: "Mama anaweza kuwekewa springi." Springi! Kiingereza kiliandika coil, yaani kile kifaa kinachowekwa ndani ya mji wa mimba ili kuzuia mimba. Nikaweka kalamu chini, nikatoka kwenda kunywa chai.

Nafanya kazi ya kufasiri hapa Dar, na kila mara ni wimbo uleule: coil ni kitu kilichojizungusha, basi tafuta neno moja la Kiswahili ulibandike kote. Wapi! Waingereza wenyewe walilitoa kwenye kitenzi cha Kifaransa cha zamani chenye maana ya kukusanya. Baharia alikuwa akiikusanya kamba yake, duara juu ya duara. Kwanza kazi, umbo likafuata.

Nenda Gerezani umuulize fundi gari. Kwake ni koili, nzima au imekufa, basi. Ndani mna nyaya za shaba, moja ina mizunguko michache, nyingine maelfu, na hapo ndipo volti 12 za betri zinapopanda hadi elfu 20 na zaidi ili plagi ipige cheche. Huyo usimfundishe neno. Fundi wa mota yeye, akizungusha upya waya wa koili zake, anasema "nasuka mota", kama anayesuka nywele, na mimi na madikishenari yangu sijawahi kumzidi.

Dukani kwa Mangi je? Huko ni dawa ya mbu ya kuchoma, zile zinazokuja mbili zimekumbatiana, ukizitenganisha kwa pupa unabaki na vipande. Sasa itazame vizuri. Imelala, kila mzunguko uko nje ya mwenzake. Springi ya godoro inapanda, mzunguko juu ya mzunguko. Maumbo mawili mbalimbali, Kiingereza kimeyapa jina moja, na sisi tunataka kuurithi uvivu huo.

(Na aliyeniuliza kuhusu coil ya Hamlet, ile "mortal coil" ya kwenye tamthilia ya Shakespeare: ile si kamba wala nyoka. Maana yake ni zogo, purukushani. Ni neno jingine, tahajia tu zimegongana.)

Turudi kwa mama. Kifaa chake Uingereza hukiita coil kwa sababu kuna kifaa cha plastiki cha miaka ya 1960 kilichokuwa kimejiviringa kweli. Cha leo kina umbo la herufi T. Kilichozungushwa ni waya mwembamba wa shaba kwenye mguu wake, na kile cha homoni hata waya huo hakina. Sisi tunasema kitanzi, wengine lupu.

Nami naandika kitanzi, ila kwa shingo upande. Ndicho hichohicho mtu anachojitia akitaka kujinyonga, halafu tunamwambia binti wa watu alale kitandani awekewe. Nimewahi kufikiria kipandikizi, lakini hicho tayari ni cha mkononi. Lupu halimwambii kitu asiyelijua. Sina jibu.

Rasimu nimeirudisha. Springi nimezifuta zote kwenye maandishi. Iliyobaki iko kwenye mchoro wa jalada, imechorwa kwa ustadi kabisa, ya godoro.