Maji, dhahabu, kisha mafuta: yanayosemwa na yaliyotokea Saudi Arabia

Utajiri wa Saudi Arabia husimuliwa kwa mkato: mchanga, Wamarekani, mafuta, majumba ya vioo. Mkato huo umeruka hatua mbili za mwanzo, na bila hizo ni vigumu kuelewa kwa nini mambo yalichukua muda mrefu namna ile.

Dhana: Mfalme aliwaita Wamarekani wamtafutie mafuta

Alikuwa anatafuta maji. Mwanzoni mwa 1931 Charles Crane, tajiri wa Kimarekani, alikutana na Mfalme Abdulaziz mjini Jeddah, akakubali kumgharimia mhandisi wa migodi aliyekuwa amefanya kazi Yemen, Karl Twitchell. Mhandisi huyo alifika mwezi wa Aprili, akaanza kuzunguka Hijaz, upande wa magharibi wa nchi, akikagua visima, mabonde na chemchemi.

Hazina ya mfalme ilikuwa taabani. Nchi iliishi kwa mahujaji, na mdororo wa uchumi wa dunia uliwabakisha wengi makwao: kutoka zaidi ya 100,000 mwishoni mwa miaka ya 1920, walishuka hadi karibu 40,000 mwaka 1931, na karibu 20,000 mwaka 1933.

Jibu la Twitchell kuhusu Hijaz halikufurahisha: visima vya kububujika vyenyewe havingepatikana. Ili maji yapande bila pampu, yanahitajika mambo matatu kwa pamoja. Kuwe na tabaka la mwamba wenye vinyweleo. Juu yake kuwe na tabaka lisilopitisha maji. Na mahali mvua inapoingilia pawe juu kuliko mdomo wa kisima. Hijaz imekaa juu ya graniti na miamba migumu ya kale sana, na sehemu nyingine imefunikwa na lava. Maji yake hujificha kwenye changarawe za mabonde na kwenye nyufa. Ukiukosa ufa, unaweza kutoboa mita 200 ukatoka na vumbi.

Dhana: Jangwa ni jangwa, mafuta yako chini ya mchanga wote

Rasi ya Uarabuni ni nchi mbili kijiolojia. Magharibi ni ile miamba migumu, nyumba ya dhahabu, fedha na shaba. Mashariki, kuelekea Ghuba, ni matabaka ya chokaa na mawe ya mchanga yaliyolaliana na kuinamia mashariki, ndiyo maana al-Hasa, eneo la mashariki, ina chemchemi kubwa zinazonywesha mitende tangu enzi. Matabaka ya aina hiyo yanayoweza kutunza maji yanaweza pia kutunza mafuta, mradi yawe yamejikunja kama kuba na kufunikwa na kifuniko kizima.

Twitchell alipelekwa mashariki mwishoni mwa 1931. Ushauri wake ulikuwa wa kihasibu kuliko wa kishujaa: subirini Bahareni, ambako kampuni ya Kimarekani ilikuwa inatoboa kuba linalofanana. Yakitoka huko, thamani ya al-Hasa itapanda bila mfalme kutumia hata senti. Yalitoka mwishoni mwa Mei 1932.

Dhana: Dhahabu ya Mahd adh Dhahab iligunduliwa na Wazungu

Jina lenyewe linakanusha: maana yake ni kitanda cha kulazia dhahabu, chimbuko lake. Mahali hapo, kusini-mashariki mwa Madina, palichimbwa zamani sana na tena wakati wa makhalifa wa Bani Abbas. Twitchell na wenzake walikuta mashimo, mawe ya kusagia, nyundo za mawe, na malundo makubwa ya mabaki. Kilichogunduliwa katika miaka ya 1930 ni kwamba mabaki hayo yalikuwa bado mali.

Wachimbaji wa Kanda ya Ziwa kule Tanzania hawahitaji kuelezwa zaidi. Hayo huyaita marudio. Mtu wa kale alisaga mbale, yaani mawe yenye dhahabu, kwa jiwe, akaosha kwa maji machache ya jangwani, akakusanya dhahabu inayoonekana kwa jicho. Chembe laini kama unga, na zile zilizofungwa ndani ya punje ya mwamba, zilimpita.

Lundo la namna hiyo halipimwi kwa kuchota ukoko wa juu, kwa kuwa upepo hupeperusha vumbi jepesi na kuacha vizito, ukadanganyika kuwa lote ni tajiri. Huchimbwa vishimo kwa mistari, kila kimoja hadi ardhi ya asili, na sampuli huchukuliwa kwa kina. Kisha sampuli humwagwa kama kichuguu, hugawanywa robo nne, robo mbili zinazotazamana hutupwa, zilizobaki huchanganywa upya, na kazi hurudiwa mpaka kibaki kiasi cha kupeleka maabara. Anayechagua robo kwa macho ameshaharibu hesabu.

Uchenjuaji wa kisasa ulitegemea sayanaidi, kemikali yenye sumu kali. Mbale husagwa kuwa unga, huchanganywa na maji yenye sayanaidi kidogo, kwa kawaida chini ya asilimia 0.1, pamoja na chokaa ili pH ikae juu ya 10. Hewa lazima iingie. Bila oksijeni dhahabu haiyeyuki. Maji yaliyobeba dhahabu huchujwa, hutiwa unga wa zinki, dhahabu hujitenga, kisha huyeyushwa kwa moto. Mambo huharibika kwa njia tatu zinazojulikana. Shaba ikiwa nyingi hula sayanaidi kabla ya dhahabu. Udongo wa mfinyanzi huziba vichujio. Na chokaa ikipungua, sayanaidi hugeuka gesi, ambayo huua watu.

Mkataba wa madini ulitiwa saini Desemba 1934, na kampuni iliyoitwa Saudi Arabian Mining Syndicate, yenye mtaji wa Kimarekani na Kiingereza, ikauendesha mgodi huo. Wakati ulikuwa mzuri: Januari ya mwaka huohuo Marekani ilikuwa imepandisha bei ya wakia ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi 35. Kati ya 1939 na 1954 zilitoka wakia karibu 766,000 za dhahabu, yaani tani 24 hivi, na wakia milioni moja za fedha.

Dhana: SOCAL, kampuni ya mafuta ya Kimarekani kutoka California, ndio waliokuwa wa kwanza kupewa al-Hasa

Miaka kumi kabla yao, 1923, Frank Holmes wa New Zealand alipata kibali cha eneo hilo kwa pango la pauni 2,000 kwa mwaka. Kampuni yake haikupata mwekezaji wa kutoboa, ikaacha kulipa, kibali kikafutwa. Funzo hilo mfalme hakulisahau, ndiyo maana mkataba wa 29 Mei 1933 ulianza na fedha taslimu: mkopo wa pauni 30,000 za dhahabu, pango la 5,000 kwa mwaka, na mrabaha wa shilingi nne za dhahabu kwa kila tani. Aliyetia saini kwa upande wa serikali ni waziri wa fedha, Abdullah al-Sulaiman.

Hapo palikuwa na kikwazo. Marekani ilikuwa imeshazuia dhahabu kutoka nchini mwake, hivyo sarafu zilinunuliwa London na kuletwa kwa meli ndani ya masanduku saba. Tarehe 25 Agosti zilihesabiwa moja moja juu ya meza ya benki ya Kidachi mjini Jeddah, Twitchell akisimamia: 35,000. Kwa gramu 7.99 kila sarafu, mezani palikuwa na karibu kilo 280.

Dhana: Walitoboa, mafuta yakaruka

Wanajiolojia wawili wa kwanza walishuka Jubail, kwenye pwani ya Ghuba, Septemba 1933. Kisima namba 1 cha Dammam kilianza kutobolewa Aprili 1935, na kilichotoka hakikulipa gharama. Vilivyofuata navyo vilikatisha tamaa. Kosa lilikuwa la kueleweka: walilenga kina kilicholipa Bahareni, wakidhani kuba zinazofanana zina chungu kilekile.

Namba 7 kilianzishwa Desemba 1936 ili kishuke zaidi. Kilichelewa kwa ajali za kawaida za utobozi: mabomba kunasa, minyororo kukatika, kuta za shimo kubomoka. Machi 1938, kwenye mita kama 1,440, tabaka la chini zaidi lilitoa mapipa 1,585 kwa siku ya kwanza. Kisima hicho kiliendelea kutoa hadi 1982. Mwongozaji wa jangwani wa wanajiolojia hao, Khamis bin Rimthan wa kabila la Ajman, husahaulika sana, ingawa bila yeye wangepoteza muda mwingi wakitafuta njia na maji.

Dhana: Kuanzia hapo nchi ikawa tajiri

Meli ya kwanza ya mafuta ilipakiwa Ras Tanura tarehe 1 Mei 1939, mfalme mwenyewe akiwapo. Miezi minne baadaye vita vikaanza, utobozi ukapunguzwa, na mahujaji wakapungua tena. Mgawo wa nusu kwa nusu wa faida kati ya serikali na kampuni ya mafuta ulikuja Desemba 1950, reli ya Dammam hadi Riyadh 1951, na taasisi ya fedha ya taifa 1952. Noti zilianza 1953 kama hati za mahujaji, wapate kuepuka kubeba vifuko vya riyali za fedha.

Dhana: Mgodi wa dhahabu ulifungwa 1954 kwa sababu dhahabu iliisha

Kilichoisha ni mbale iliyolipa kwa dola 35 kwa wakia, bei ambayo haikusogea wakati gharama zikipanda. Uchunguzi wa miaka ya 1970 uliipata mishipa mingine ya dhahabu kusini mwa mashimo ya zamani, bei ilikuwa imeshaachiwa huru, na mwaka 1988 mgodi ukafunguliwa tena.