Waya wa Baharini wa 1879 na Hesabu ya Nukta na Vistari

Waingereza waliposhindwa na Wazulu kule Isandlwana tarehe 22 Januari 1879, habari zilifika London tarehe 11 Februari, kwa kuwa Afrika Kusini ilikuwa bado haijaunganishwa na Ulaya kwa telegrafu na ilibidi meli izibebe kwanza mpaka kwenye kisiwa cha Atlantiki chenye kituo. Kabla mwaka huo haujaisha, waya ulikuwa umelazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Durban kupitia Zanzibar na Msumbiji, na jambo lililochukua majuma likawa la saa.

Sisi tunaofanya kazi ya mitambo ya mawasiliano tunajua kwamba umeme peke yake haukuleta kasi hiyo. Waya mrefu uliozama majini hujaa chaji kwanza, hivyo ishara inayoingia ikiwa fupi na kali hutokea upande wa pili ikiwa imefifia na kurefuka, na ukituma haraka mno ishara huingiliana hata zisisomeke. Mwaka 1858, kwenye waya wa kwanza wa Atlantiki, ambao pia ulikuwa na kasoro, salamu za Malkia Victoria zenye maneno 98 zilichukua saa 16. Mafundi walipozidisha nguvu ya umeme, waliuharibu zaidi.

Tiba ilikuwa kubana matumizi ya ishara. Katika alfabeti ya Morse, inayoandika kila herufi kwa nukta (ishara fupi) na vistari (ishara ndefu), E, inayotumika mno katika Kiingereza, ni nukta moja tu, ilhali Q huhitaji ishara nne. Kwa Kiswahili, nukta hiyo moja ningeipa A bila kusita. Baharini hata urefu wa kistari uliachwa: nukta ilikuwa mkondo wa upande mmoja, kistari mkondo wa upande wa pili, vyote kwa muda sawa. Chombo cha mwanafizikia William Thomson kilipokea kwa mrija wa kioo mwembamba uliotiririsha wino juu ya utepe wa karatasi, na karani akasoma mstari uliopanda na kushuka.

Kwa kuwa malipo yalikuwa kwa kila neno, wafanyabiashara walitumia vitabu vya misimbo, ambamo neno moja lilibeba sentensi nzima ya bei, mzigo na meli. Hatari yake ilikuwa kubwa, maana herufi moja ikikosewa agizo lingegeuka jingine kabisa. Ndipo watunzi wa misimbo wakaanza kuhakikisha kwamba kila neno linatofautiana na mengine kwa herufi mbili au zaidi.