Watu wa Nicodemus hawakuwa wakimbizi

Nimeletewa tena rasimu inayosema kwamba Nicodemus, mji mdogo katika Kaunti ya Graham huko Kansas, Marekani, ilianzishwa na wakimbizi weusi wa 1879. Nimeshalisahihisha kosa hili mara nyingi mno, na leo naandika kulihusu.

Suala la miaka halina mjadala. Kampuni ya kuuanzisha mji iliundwa Aprili 1877 na watu saba: weusi sita na mzungu mmoja, W. R. Hill. Wale weusi wa 1879 walioitwa Exodusters, waliotoka Mississippi na Louisiana wakikimbia ukatili, waliikuta Nicodemus ishasimama. Waanzilishi wake walitoka Kentucky. Walishuka treni mjini Ellis, wakatembea takriban kilomita 55 zilizobaki.

Kinachonikera zaidi ni neno. Mzungu akichukua ekari 160 kwa Sheria ya Homestead, sheria ya Marekani iliyogawa ardhi kwa aliyekubali kuishi humo na kuilima, kalamu zetu humwita mlowezi. Mweusi akichukua ekari hizo hizo, kwa sheria hiyo hiyo, anageuka mkimbizi. Mkimbizi gani hulipia kiwanja dola 5 kwenye mji uliokwisha kuchorewa ramani?

Sisemi walikuta raha. Willianna Hickman alifika 1878, akauliza Nicodemus iko wapi. Mumewe akamwonyesha moshi unaofuka kutoka ardhini: watu walikuwa wakiishi kwenye mashimo waliyojichimbia, kwa kuwa miti ya kujengea haikuwapo. Mama yule akalia. Wapo waliogeuza njia wakarudi. Yeye alibaki.

Hata hivyo, "mlowezi" nalo linanikwama kooni. Majira ya baridi ya kwanza, chakula kilipowaishia, waliowagawia nyama walikuwa wawindaji wa Kiosage, wenyeji asilia ambao wenyewe walikuwa wameshasukumwa nje ya Kansas. Walioporwa ardhi ndio waliowalisha waliogawiwa ardhi. Msomaji wangu wa Nakuru akisikia "mlowezi" anakumbuka mashamba ya babu yake yaliyochukuliwa, na siwezi kumwambia amekosea. Vitabu vingi hulikwepa jambo hili. Mimi nimelizungukia miaka mingi na bado halijanitulia.

Mengine yanajulikana. Edward McCabe, karani wa kaunti kutoka Nicodemus, alichaguliwa 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima. Mwaka 1887 wakazi walipiga kura kutoa dhamana ya dola 16,000 ili reli ipite kwao. Mwaka uliofuata ikapita ng'ambo ya mto Solomon, na wenye maduka wakaifuata hadi Bogue, mji jirani. Lakini mji haukufa, jambo jingine linaloandikwa ovyo. Kila mwishoni mwa Julai wajukuu na vitukuu hurudi kutoka majimbo mengine kusherehekea ukombozi kutoka utumwani, na tangu 1996 Nicodemus inatambuliwa kitaifa kama eneo la kihistoria.

Kwenye rasimu nimefuta "wakimbizi" nikaandika "waanzilishi", na 1879 nikaibadilisha kuwa 1877.